Kibao cha tritiamu kikivunjika: mionzi na uchafuzi ni vitu viwili

Uchafuzi wa mionzi ni pale kitu chenye mionzi kinapotoka kwenye chombo chake na kukaa pasipotakiwa: sakafuni, mikononi, mwilini. Basi. Kupigwa na mionzi ni jambo jingine kabisa. Aliyepigwa eksirei amepitiwa na mionzi lakini haondoki na chochote cha kumpaka mwenzake; aliyekanyaga unga wenye mionzi anaondoka nao kwenye soli. Haya mawili huchanganywa kila kibao cha njia ya kutokea, kile kinachong'aa bila umeme, kinapoanguka na kuvunjika. Wengine hulikimbia jengo zima, wengine huokota vipande kwa mikono mitupu kwa sababu "kipimo hakikulia".

Hakilii kwa sababu hakiwezi. Ndani ya kibao mna mirija ya kioo iliyojazwa gesi ya tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, na kupakwa kwa ndani unga unaong'aa ukigongwa na chembe za beta, yaani elektroni zinazotoka kwenye tritiamu. Chembe hizo ni dhaifu: hewani zinaishia kama milimita 6, na tabaka la juu la ngozi linazizuia. Ndiyo maana kibao kizima hakimdhuru anayepita chini yake, na ndiyo maana kipima mionzi cha kawaida cha Geiger hakiioni tritiamu.

Mrija ukipasuka, gesi nyingi hutawanyika, na mapafu huchukua kidogo sana. Shida ni ile sehemu iliyoungana na oksijeni ikawa maji. Mwili hauyatofautishi na maji mengine: yanaingia kwa pumzi, kwa mdomo, hata kupitia ngozi, na kwa kiasi kilekile cha tritiamu madhara yake ni kama mara 10,000 ya gesi. Nusu yake hutoka mwilini kwa siku 10 hivi, ndiyo maana aliyekuwepo hupimwa mkojo. Vioo na unga navyo huendelea kuvujisha kidogo kidogo baada ya gesi kuisha.

Kwa hiyo toka, funga mlango, zima kiyoyozi kinachosambaza hewa vyumba vingine, nawa mikono, ripoti kwa mamlaka ya mionzi. Usifagie, na mashine ya kufyonza vumbi usiiguse kabisa: inarusha unga hewani.

Na kufifia si kuisha. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, hivyo kibao kilichoanza na kyuri 20 (kizio cha kupimia wingi wa mionzi) bado kina 10 siku kinapoonekana hakifai. Kikitupwa jalalani, tritiamu huishia kwenye maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka.

Ukiambiwa chumba "kimepimwa, hakina mionzi", uliza kwa upole kimepimwa na nini. Jibu linalofaa ni karatasi zenye unyevu zilizofutwa sakafuni, mezani na kwenye vitasa, kisha zikasomwa maabara kwa kimiminika kinachomulika.