Kwa nini mkate mrefu wa Kifaransa unaitwa "baguette"?

Jibu fupi: baguette maana yake ni fimbo nyembamba, ufito. Kijiti cha kiongozi wa okestra ni baguette. Vijiti wanavyolia chakula Wachina ni baguettes. Hata kile kifimbo cha mchawi wa hadithini, kinachogeuza chura kuwa mwana wa mfalme, ni baguette vilevile. Neno hilo Wafaransa walilitoa Italia, bacchetta, ambalo mizizi yake ni baculum ya Kilatini, yaani fimbo. Mkate umelipata jina hilo juzijuzi tu.

Mikate mirefu ilikuwa ikiuzwa Paris tangu karne ya 19. Lakini jina baguette linaonekana rasmi Agosti 1920, katika kanuni ya mkoa wa Seine, ambao Paris ilikuwa ndani yake: uzito usipungue gramu 80, urefu usizidi sentimita 40, bei isizidi senti 35 za faranga. Ya siku hizi hukaribia gramu 250 na sentimita 65, kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa kitoto.

Wengi husema mkate huu ulizaliwa na sheria ya Machi 1919, iliyokataza kazi katika viwanda vya mikate kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Mkate mnene wa duara ungechelewa kifungua kinywa. Mwembamba huiva upesi. Kwa maoni yangu sheria hiyo haikuuzaa mkate huu, iliupigia debe tu. Ama ile hadithi ya askari wa Napoleon kuuchomeka kwenye suruali zao, haina ushahidi wowote, na sijui nani angeula baada ya hapo.

Kabla ya kuingizwa tanuri, unga uliokandwa na kuumuka huchanjwa kwa wembe, chale za mshazari, ili upasuke pale mwokaji anapotaka. Kisha mvuke huachiwa ndani, ganda linatoka jembamba, linang'aa na kulia chini ya meno.

Si kila baguette ni sawa, lakini. Mwaka 1993 serikali ilitoa amri kuhusu "mkate wa desturi ya Kifaransa": usigandishwe hata mara moja, wala usitiwe kemikali za nyongeza. Huo huuzwa ghali kidogo, na wanaojua huuomba kwa jina lake: tradition.