Moshi unavyokata nyuzi za mapafu

Pita Newala au Tandahimba msimu wa korosho, utamkuta mama amechuchumaa mbele ya debe lililotobolewa, anakaanga korosho za kubangua. Mafuta ya maganda yanashika moto, moshi mweusi unapanda. Anageuza uso, anakohoa, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha anarudi palepale. Kikohozi kile tumekizoea mno, nami kinaniuma.

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, zaidi ya milioni 300. Kuta zake zina nyuzi za elastini, zinazovutika na kurudi kama mpira wa manati. Ndizo zinazosaidia kutoa hewa nje bila wewe kutumia nguvu.

Moshi ukiingia, mwili huita seli nyeupe za damu. Seli hizo hubeba kimeng'enya kiitwacho elastasi, cha kuvunjavunja vijidudu. Kikimwagika ovyo, hukata hata nyuzi zetu wenyewe. Mlinzi yupo: ini hutengeneza protini, alfa-1 antitripsini, inayofika mapafuni kwa njia ya damu na kukidhibiti kimeng'enya hicho. Lakini moshi, hasa wa sigara, humharibu mlinzi huyohuyo. Basi unaita wenye mapanga, na papo hapo unamfunga mlinzi mikono. Kuta zinabomoka, vifuko vingi vinageuka mashimo machache, hewa inanasa ndani. Hiyo ndiyo emfisema. Kifuko kilichobomoka hakioti tena.

Wapo wachache wanaozaliwa na upungufu wa protini hiyo, kama watafiti Laurell na Eriksson walivyoonyesha huko Sweden mwaka 1963. Hao wakivuta sigara huugua mapema sana.

Wagonjwa wengi huja wamechelewa, wakidhani ni uzee tu: kilima cha kwenda kuteka maji siku hizi kinawashinda.

Ndugu yangu, acha sigara hata kama umevuta miaka 20. Kilichobaki kitadumu zaidi. Korosho zikaangiwe uwanjani, ukae upande unakotoka upepo, na mtoto asiwe mgongoni. Kuni zikauke kabisa. Unapopuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, mikoroshoni, vaa barakoa ya vumbi, kitambaa hakitoshi.

Ukikohoa zaidi ya wiki 2, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu kwanza. Kisipoonekana na pumzi bado inakata, usirudi nyumbani ukaridhika: omba rufaa ya kipimo cha kupuliza, spiromita, na umweleze daktari umekaa miaka mingapi kwenye moshi.