Andika na usichokiona

Mimi ni mwanaikolojia wa ndege, na sehemu kubwa ya ninachokijua sikukipata kwenye safari za utafiti. Nimekipata kwenye njia moja ya kilomita mbili ambayo naipita kila Jumamosi asubuhi. Inafuata ukingo wa bwawa, inakata kichaka, inatokea penye mbuyu, kisha narudi. Watu wakitaka kuanza kuangalia viumbe wa karibu nao, swali la kwanza huwa ni wanunue darubini gani. Darubini inafaa sana, lakini kabla yake tafuta njia. Iwe fupi, iwe karibu, uweze kuipita hata siku ambayo huna hamu. Anayezunguka mbuga tano kwa mwaka ataona spishi nyingi. Anayepita njia moja mara hamsini ndiye atakayeyaona majira yakigeuka.

Majira hayageuki kwa siku moja, wala viumbe wote hawayafuati kwa pamoja. Kila mmoja ana kinachomwamsha. Mbali na ikweta, ndege wengi hufuata urefu wa mchana: mchana ukirefuka, mwili wao unaanza kujiandaa kuzaa. Karibu na ikweta mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, kwa hiyo hapo mvua ndiyo yenye neno kubwa.

Wachukue kumbikumbi. Wanakuwa tayari wamekomaa ndani ya kichuguu, na mabawa yao kamili, wakingoja mvua. Ikinyesha ya kutosha, wanatoka kwa maelfu. Wengi huangalia juu, kwa sababu mwewe na mbayuwayu wamejaa angani wanakula. Chuchumaa uangalie chini. Utamwona kumbikumbi ametua, anajipindapinda, na mabawa yote manne yanakatika kwenye shina kana kwamba yalikuwa na alama ya kukatia. Baada ya hapo wanatembea wawili wawili, jike mbele na dume nyuma yake, amemkaribia kiasi cha kumgusa kwa vipapasio, wakitafuta ufa wa kuingia ardhini. Ndio malkia na mfalme wa kichuguu kipya, wakifanikiwa. Walio wengi huliwa kabla ya kufika.

Na kwera. Hao wanaotundika viota kwenye matawi juu ya maji wamenifundisha kusoma rangi. Dume huanza kwa pete ya majani mabichi, akasimama ndani yake, na kutoka hapo hageuki: mbele anafuma chumba cha mayai, kisha nyuma yake anafuma sehemu ya kuingilia. Kikishafika hapo hujining'iniza chini yake akipigapiga mabawa kuwaita majike. Jike akija huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo, mara nyingi akaondoka zake. Kiota kikikauka na kuwa cha kahawia bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa kwa mdomo wake na kufuma kingine mahali palepale. Ndiyo maana siandiki tu “viota 23”. Naandika vya kijani vingapi, vya kahawia vingapi. Siku ile viota vingi ni vibichi, kazi ndiyo imepamba moto. Vikibaki vya kahawia tu na kelele zikapungua, msimu umekwisha, hata kama bado kunanyesha.

Sasa daftari lenyewe. Tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, nani nimemwona, wangapi, wanafanya nini. Hayo kila mtu anayajua. Jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ambalo mimi mwenyewe sikulifanya miaka yangu ya mwanzo, ni kuandika sifuri.

Fikiria umeandika kwamba mbayuwayu wa kwanza umemwona tarehe 20 Septemba. Kama wiki iliyotangulia ulipita njia hiyohiyo, ukamtafuta, ukaandika “mbayuwayu: 0”, basi unajua amefika kati ya siku hizo mbili. Kama hukupita, au ulipita ukaacha pengo, tarehe hiyo inaeleza ulitoka lini wewe, haielezi ndege alifika lini. Kwa miaka minne kumbukumbu zangu zilikuwa za namna hiyo, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu miaka hairudi. Siwezi kuzilinganisha na chochote.

Kumbukumbu zikiwekwa kwa uaminifu, zina nguvu ya ajabu. Uingereza, mwaka 1736, Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua kwenye shamba lake la Norfolk: majani ya kwanza, mbayuwayu wa kwanza, vyura wa kwanza kulia. Alipofariki mwaka 1797 familia yake iliendelea kuandika, kizazi baada ya kizazi, hadi 1958. Kyoto, nchini Japani, tarehe za kuchanua kwa miti ya cheri zimekusanywa kuanzia karne ya 9. Mwaka 2021 maua yalichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia kwenye kumbukumbu hizo. Wale wa kale waliandika kwa ajili ya sherehe za maua. Hawakujua kwamba wanatuandikia historia ya joto la dunia.

Saa ileile kila wiki ni kanuni nzuri, ila ina upofu wake. Miaka mingi niliokota maua ya mbuyu chini, meupe yaliyoanza kuwa kahawia, nikaandika “mbuyu unachanua” na kupita. Nilikuwa naona mabaki. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kesho yake limenyauka. Siku niliyorudi jua likizama niliyakuta yakining'inia kichwa chini, petali zikijikunja taratibu kurudi nyuma, na giza lilipoingia wakaja popo walao matunda, wakikumbatia ua kidogo na kuondoka na chavua kifuani. Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, naipita njia yangu jioni.

Kigumu kuliko vyote ni tarehe ya kumwona ndege mara ya mwisho. Wa kwanza kufika ukimwona, moyo unaruka. Wa mwisho kuondoka hana alama yoyote. Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya, ndege wa gramu 20 hivi, huja Afrika na hubadilisha manyoya ya mabawa na mkia wakiwa huku. Ndiyo maana Machi huwaona wameng'aa, manyoya membamba ya pembeni ya mkia yamerefuka, tayari kwa safari. Halafu wanapungua. Jumamosi moja mwezi wa Aprili nilihesabu watatu juu ya bwawa, mmoja akinywa kwa kuchota maji huku akiruka, na sikuwa na sababu ya kumwangalia zaidi ya wengine. Wiki iliyofuata niliandika sifuri. Iliyofuata, sifuri. Ya tatu ndipo nilipofungua nyuma, nikapigia mstari ile tarehe ya wale watatu.