Asplenio za mwambani: zinavyotofautishwa

Asplenio ni jenasi ya makangaga yenye spishi mia kadhaa, na nyingi kati yake huota katika nyufa za miamba na kuta kuukuu. Kinachozifanya kuwa jamii moja si umbo la jani. Lipo lenye jani zima refu kama upanga, na lipo lenye vijani vidogo vya mviringo vilivyopangana pande mbili za uti. Ligeuze jani utazame chini, pale kangaga linapobeba spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi. Vifuko vya spora hujikusanya kwenye mafungu yanayoitwa soro, na soro za asplenio ni vistari virefu vilivyolala ubavuni mwa mshipa, kila kimoja kikifunikwa na utando mwembamba unaofunguka upande mmoja.

Hapa Mombasa somo hilo laweza kuanzia barazani. Kangaga la kiota linalopandwa kwenye vyungu, Asplenium nidus, likishakomaa huwa na vistari hivyo safu kwa safu, vimeshuka mshazari kutoka kwenye uti. Ukishaviona hapo, hutadanganywa na kila kangaga linalochomoza kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Pteris spora zake hufuata ukingo wa jani mfululizo. Adianto hukunja ncha za vijani vyake na kuzificha spora ndani ya mkunjo. Lenye madoadoa ya mviringo yasiyo na utando wowote huenda likawa Phymatosorus, ambalo kwetu pwani linapatikana.

Kazi ngumu ni kutofautisha asplenio na asplenio. Mfano unaotajwa sana ni wa miamba ya Ulaya: Asplenium trichomanes na Asplenium viride. Yote mawili ni madogo, yana vijani vya mviringo, na kwa mbali ni ndugu pacha. Tazama uti. Wa trichomanes ni wa kahawia iliyokolea, karibu mweusi, toka shinani hadi nchani. Wa viride ni mweusi chini tu, kisha unageuka rangi ya kijani. Tena trichomanes ikizeeka hupukutisha vijani na kuacha nyuti tupu zimesimama wima, na mimi naiona hiyo kuwa alama nzuri kuliko rangi, maana rangi hudanganya kwenye picha iliyopigwa juani.

Kwenye milima mirefu ya Kenya kuna Asplenium monanthes, nayo ina uti mweusi vilevile. Hapo rangi haikusaidii kitu, hesabu soro. Monanthes kwa kawaida huwa na soro moja tu kwenye kila kijani, mara chache mbili au tatu, imelala sambamba na ukingo wa chini. Trichomanes huwa nazo jozi kadhaa.

Jiwe nalo lina neno lake. Viride na Asplenium ruta-muraria hupenda chokaa, na hii ya pili imehamia hata kwenye lipu ya chokaa ya kuta za zamani. Ndani ya trichomanes yenyewe kuna nususpishi mbili zinazojulikana zaidi: trichomanes, yenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 72, hukaa kwenye mawe yasiyo na chokaa, quadrivalens, yenye 144, huvumilia chokaa vizuri. Kwa macho zinakaribiana mno, na wataalamu hupima spora kwa hadubini, kwa kuwa zile za quadrivalens ni kubwa zaidi.

Halafu kuna machotara, na hapa ndipo watu wengi huchoka. Asplenio huzaana kati ya spishi na spishi kwa wepesi wa ajabu. Mwaka 1954 mtaalamu wa mimea Warren H. Wagner alionyesha kwamba mkanganyiko wa asplenio za milima ya Appalachia, Marekani, ulitokana na wazazi watatu tu: montanum, platyneuron na rhizophyllum. Pinnatifidum, kwa mfano, ni chotara la montanum na rhizophyllum, na bradleyi ni la montanum na platyneuron. Hizo mbili ziliongeza kromosomu zao maradufu, ndiyo sababu zinazaa kama spishi kamili. Chotara ambalo halijafanya hivyo hujulikana kwa spora: chini ya hadubini zimesinyaa na hazina umbo moja. Kwa hiyo jani lenye sura ya katikati, lisilokubali jina lolote, lichunguze spora kabla hujalitangaza kuwa spishi mpya, na pigia picha jiwe lake pia.