Uanagenzi ni nini, na kwa nini saidia fundi si mwanagenzi

Ukifungua kamusi utaambiwa mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya mwenye kuijua. Sawa, ila kwa maana hiyo hata kijana anayembebea fundi AC ngazi na begi la spana miaka minne, bila kushikishwa geji ya kupimia shinikizo la gesi hata siku moja, ataitwa mwanagenzi. Mtaani huyo tunamwita saidia fundi, na jina linamfaa: anasaidia. Mwanagenzi anafundishwa, na kuna mtu mwenye wajibu wa kumfundisha. Neno fundi lenyewe limetoka shina moja na kufunda, kufundwa na mafunzo.

Tofauti huonekana kwenye kazi ndogo kabisa. Ni Januari, Dar es Salaam, AC ya chumbani haipoozi, na mwenye nyumba ameshatoa hukumu: gesi imeisha. Aliyejifunza kwa kuchungulia anaunga mtungi, anajaza, chumba kinapoa, analipwa. Baada ya miezi miwili anapigiwa simu tena. (Wapo wanaopenda iwe hivyo.)

Mwanagenzi huanza kwa kuambiwa kwamba gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: ndani ya chumba inafyonza joto, kompresa inaikandamiza, huko nje inalitoa joto hilo, kisha inarudi kuchukua jingine. Mashine ikiwa nzima, gesi hiyohiyo hufanya kazi miaka na miaka. Ikipungua, basi inavuja, na kazi ya kwanza ni kutafuta inapotokea: povu la sabuni kwenye maungio, au kujaza naitrojeni na kuangalia kama mshale wa geji unashuka. Mara nyingi kosa liko kwenye nati, pale mdomo wa bomba la shaba ulipotanuliwa ovyo siku ya kufunga. Akishaziba, anawasha pampu ya vakyumu itoe hewa na unyevu, ndipo anapojaza gesi kwa mizani, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine. Na huenda gesi haikuwa na tatizo lolote. Chujio limejaa vumbi tu, au kapasita, kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuwaka, imekufa.

Gesi zenyewe nazo si moja. R22 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Ikaja R410A, ambayo shinikizo lake ni kama mara 1.6 ya R22, kwa hiyo geji na mipira ya zamani ya kupitishia gesi haiiwezi. Hiyo nayo inabanwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongeza kwenye itifaki hiyo gesi zinazoongeza joto la dunia, na mashine nyingi mpya zinakuja na R32, inayoweza kushika moto. Aliyekariri hatua za R22 kwa macho anaweza kujiumiza hapo. Mimi naona hapa ndipo uanagenzi unapolipa: anayeelewa mzunguko hababaishwi na mtungi mpya. Hata akienda nchi za baridi, atakuta mashine ileile ina vali ya kugeuza mwelekeo wa gesi, joto linachukuliwa nje na kuingizwa ndani, na nyumba inapata joto.

Ujerumani anayesomea ufundi wa mitambo ya ubaridi hukaa miaka mitatu na nusu. Anaajiriwa na kampuni, analipwa posho, na sehemu ya muda anakaa darasani. Tanzania ufundi stadi uko chini ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyeti vyake vinapanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kenya kuna mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inayoanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. Na aliyejifunzia mtaani hajafungiwa nje: upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi anapimwa kwa anachoweza kufanya, mapengo yake yanazibwa, kisha anapewa cheti. Kwa fundi AC karatasi hiyo ina thamani yake, maana mkataba wa kuhudumia mashine za hoteli au benki haupatikani kwa sifa za jirani peke yake.

Kwa mzazi anayetaka kumkabidhi mwanawe kwa fundi, swali la ada lisitangulie. Aulize mafunzo yanaisha lini, na mwezi wa sita kijana atakuwa anafanya nini kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akijibu kwamba ataona mbele ya safari, huyo anatafuta wa kumbebea ngazi.