Rufaa si kesi ya pili: tunavyoikosea Mahkama Kuu ya Zanzibar

Hukumu ikishasomwa, ndugu wa aliyeshindwa hutoka nje na kauli moja: "Tutakata rufaa." Utaisikia Wete, utaisikia Chake Chake, utaisikia Mwanakwerekwe. Kukata rufaa ni haki yao na hakuna wa kuwanyima. Kinachoniuma ni yale yanayofuata, pale mtu mwenye hoja nzuri anapoondolewa mahkamani kabla hoja yake haijasikilizwa, kwa sababu ya tarehe na karatasi. Mara nyingi alifuata maelezo aliyopewa barazani na mtu mwenye nia njema lakini asiyejua.

"Kwenye rufaa nitaleta mashahidi wangu wote"

Hili ndilo kosa mama. Jaji wa Mahkama Kuu anayesikiliza rufaa kutoka mahkama ya Mkoa au Mahkama ya Ardhi hamwiti shahidi kizimbani. Anasoma mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa wakati kesi inasikilizwa, pamoja na vielelezo vilivyopokewa na hukumu yenyewe. Mrufani, yaani aliyekata rufaa, anatakiwa aoneshe kosa liko wapi: ushahidi fulani ulipuuzwa, kielelezo kilipokewa kinyume na taratibu, kifungu kilitumika mahali sipo, au upande mmoja haukupewa nafasi ya kusikilizwa. Kulalamika tu kwamba "sikutendewa haki" hakumpi jaji kitu cha kukifanyia kazi.

Si kwamba jaji amefungwa mikono. Katika rufaa ya kwanza, Mahkama Kuu ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe, huku ikizingatia kuwa aliyewaona mashahidi wakizungumza ni hakimu wa chini. Kinachopimwa lakini ni kile kilichomo ndani ya jalada. Ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra, kwa maombi maalumu, na anayeomba lazima aeleze kwa nini hakuuleta mwanzo. Jirani aliyeujua mpaka wa shamba la mikarafuu tangu utotoni lakini hakutaka kuingia kwenye ugomvi wa watu, akajitokeza baada ya hukumu, kwa kawaida ameshachelewa.

Ndiyo maana nasema rufaa huanza kutengenezwa siku ya kwanza ya kesi. Hati ambayo hukuitoa, swali ambalo hukumuuliza shahidi wa upande wa pili, kielelezo ambacho hukukipinga kilipoletwa: vyote hivyo utavitafuta kwenye mwenendo na hutaviona.

"Nasubiri nakala ya hukumu, nikiipata ndiyo nikate rufaa"

Siku hazikungojei. Kwa anayetoka Mahkama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Kanuni za Mahakama hiyo za mwaka 2009 zinampa siku 30 tangu uamuzi utolewe awe ameshawasilisha notisi ya rufaa, nakala awe nayo au hana. Notisi ni karatasi fupi tu ya kusema kwamba hukuridhika na unakusudia kukata rufaa. Kwenye madai, rufaa yenyewe na kumbukumbu zake hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi hiyo ilipowasilishwa.

Sasa, nakala zikichelewa kuchapwa? Kanuni zimeliona hilo. Andika barua ya kuomba mwenendo ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua hiyo mpelekee mwenzako wa upande wa pili. Ukifanya hivyo, mrajis (msajili wa mahkama) anaweza kukupa cheti kinachoondoa kwenye hesabu zile siku zilizotumika kukutayarishia nyaraka. Watu wetu wengi huomba kwa mdomo. Karani ni mtu wa hapa hapa, tunajuana naye, atakwambia "njoo wiki ijayo" na atakuwa anasema kweli. Lakini maneno ya kaunta hayawekwi kwenye jalada, na usipomnakili mwenzako barua unaupoteza msamaha huo hata kama uliandika kwa wakati. Ione barua ikigongwa muhuri, ubaki na nakala yako.

Rufaa za kutoka mahkama za chini kwenda Mahkama Kuu nazo zina siku zake, na za jinai si sawa na za madai. Usichukue hesabu ya kesi ya jirani yako. Uliza siku ileile hukumu inaposomwa, kabla hujapanda gari kurudi nyumbani.

Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kuwa kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, hata ikiwa moja. Kama ulilazwa, weka cheti cha hospitali kwenye hati ya kiapo. Kama ulikwama Pemba kwa kukosa nauli ya boti, eleza ni tarehe zipi na ulifanya nini kati yake. Najua sharti hili linambana zaidi maskini kuliko tajiri, na linanisikitisha. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na kumficha mtu si kumsaidia.

"Nimeshakata rufaa, kwa hiyo hukumu imesimama"

Haijasimama. Aliyeshinda anaweza kuendelea kuitekeleza: kukutoa kwenye nyumba, kukamata mali. Kuzuia utekelezaji ni ombi la peke yake, lenye kiapo chake. Mbele ya Mahakama ya Rufani ombi hilo lina siku 14 tangu upewe notisi ya utekelezaji, na unatakiwa uoneshe hasara kubwa utakayoipata na utoe dhamana. Kwenye jinai hali ni hiyohiyo: aliyefungwa anaendelea kutumikia kifungo rufaa ikisubiri, isipokuwa apewe dhamana, nayo haitolewi kirahisi.

"Mahkama Kuu ya Dar es Salaam ndiyo kubwa kuliko yetu"

Hapana. Mahkama Kuu ya Zanzibar imewekwa na kifungu cha 93 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na Katiba ya Muungano inaitambua. Iko sambamba na Mahakama Kuu ya Tanzania Bara. Hakuna jaji wa Bara anayesikiliza rufaa ya Zanzibar kwa cheo hicho. Iliyo juu ya zote mbili ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mahakama yake ya rufani kwenda nayo. Majaji wake huja Zanzibar kwa vikao.

"Basi kila kesi inaweza kufika huko juu"

Nayo si kweli, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kinaizuia Mahakama ya Rufani kusikiliza mambo ya tafsiri ya Katiba hiyo, na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwenye mahkama za Kadhi. Mirathi, talaka au wakfu ulioanzia kwa Kadhi hupanda kwa ngazi zake na kuishia Mahkama Kuu. Anayekuahidi kulifikisha shauri la mirathi ya Kadhi mbele ya majaji watatu wa Rufani anakuuzia njia ambayo haipo.

Jinai na madai ya kawaida huvuka. Mwaka 2000, katika shauri la Serikali ya Mapinduzi dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar peke yake, kwa kuwa dola yenye mamlaka kamili ni Jamhuri ya Muungano. Kilichoamuliwa hapo ni kama shitaka lenyewe lingeweza kusimama kisheria, kabla hata ya kuuliza nani alifanya nini.

Uchaguzi una mipaka yake. Kesi ya kupinga ushindi wa Mwakilishi, yaani mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, hufunguliwa Mahkama Kuu. Urais wa Zanzibar ni jambo la mbali: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi, kifungu cha 34(7) cha Katiba ya Zanzibar kinazuia mahkama yoyote kuuchunguza ushindi huo.

"Imetolewa kwa pingamizi, basi imekwisha"

Inategemea imetolewa vipi. Shauri lililoondoshwa kwa kasoro ya utaratibu halijaamuliwa kiini chake, na linaweza kurudishwa likiwa limerekebishwa ikiwa siku bado zipo. Lililotupwa baada ya kusikilizwa ni jambo jingine. Hapo njia ni rufaa. Soma amri yenyewe, usitegemee ulivyosimuliwa.

Pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litolewe kabla halijasikilizwa, nalo lina mpaka. Tangu uamuzi wa kesi ya Mukisa Biscuit wa 1969, uliotolewa na mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, pingamizi la namna hiyo linatakiwa liwe hoja tupu ya sheria. Likihitaji kuita mashahidi ili lithibitike, si la awali tena. Mwaka 2018 sheria inayoongoza Mahakama ya Rufani iliongezewa msisitizo wa kutazama haki kuliko ufundi. Ni hatua njema, ila haikuja kuifufua notisi iliyochelewa.

"Rufaa haina hasara"

Inayo. Adhabu inaweza kuongezwa, Mkurugenzi wa Mashtaka naye anaweza kukata rufaa dhidi ya aliyeachiwa, na aliyeshindwa kwenye madai anaweza kuamriwa alipe gharama za mwenzake.

"Bila wakili huwezi"

Unaweza kusimama mwenyewe. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na wasaidizi wa sheria wapo hadi kwenye shehia. Aliyeko gerezani akielekea Mahakama ya Rufani anajaza fomu yake ya notisi na kumkabidhi mkuu wa gereza, na kwa kumkabidhi tu anahesabiwa ametimiza sharti. Ndugu mkienda kumtembelea, muulizeni kama fomu hiyo imeandikwa tarehe aliyoipokea mkuu wa gereza.