Mti wa ukoo mtandaoni: yanayotukwamisha sisi wa Kanda ya Ziwa

Kazi yangu ni kuzisaidia familia za Mwanza na visiwani kuandika nasaba zao, na karibu kila anayenijia na simu mkononi amekwama palepale: programu inamdai jina la mwisho. Tuseme ni Neema Masanja Mabula. Baba yake ni Masanja Mabula Shija, babu yake ni Mabula Shija Ndaki. Akijaza jina la tatu la kila mmoja, programu itaona watu watatu wasiohusiana: Mabula, Shija na Ndaki. Zana hizi zilibuniwa na watu ambao jina moja hushuka kutoka kwa babu hadi kitukuu bila kubadilika. Kwetu kila kizazi kinadondosha jina moja nyuma na kuongeza moja mbele.

Ninachofanya ni hiki: jina la mtu na la baba yake yote yanaingia kisanduku cha kwanza, cha mwisho nakiacha wazi. FamilySearch, mojawapo ya zana hizo, inakubali. Ukoo hasa, ule wa vikao na miiko, una mahali pake. Ndani ya taarifa za ziada za kila mtu kuna kipengele cha ukoo na kingine cha kabila. Kwa Wahaya na Wazinza naongeza mziro, yaani mwiko wa ukoo, kwenye maelezo, maana watu wawili wa pande mbili za ziwa wanaweza wasijuane majina lakini wakatambuana kwa mnyama wasiyemla.

Jina la ubatizo na jina la nyumbani yaingie yote kama majina mbadala, na tahajia zake zote. Ng'wana, Ngwana na Mwana ni mtu yuleyule aliyeandikwa na makarani watatu.

Halafu majina ya Kisukuma yenyewe ni ushahidi, na huu watu huupuuza. Kulwa na Dotto ni mapacha, Shija ndiye anayewafuata. Ukikuta Shija kwenye orodha ya watoto na juu yake hakuna mapacha, usisonge mbele. Uliza. Huenda karithi jina la babu yake, jambo la kawaida. Lakini mara nyingi bibi atanyamaza kidogo kisha aseme walikuwepo, walifariki wachanga. Wale watoto wawili nao ni wa ukoo, wana haki ya visanduku vyao.

Tarehe ndiyo inayowaharibia wengi kazi. Nimeshika vitambulisho vya wazee wengi, na ukiviamini utadhani nusu ya Usukuma ilizaliwa tarehe 1 Januari na nusu iliyobaki 1 Julai. Karani alihitaji tarehe, akaiweka. Wewe usiinakili kama vile ni kweli. Zana zote nzuri zinakuruhusu kuandika "takriban", "kabla ya" au "kati ya", na hapo ndipo matukio yanapokusaidia. Simuulizi mzee alizaliwa lini. Namuuliza treni ilipofika Mwanza alikuwa ameshaanza kuchunga? Hiyo ni 1928. Wazazi wake walisimulia Waingereza walivyoingia mjini kuwatoa Wajerumani? 1916. Kwa waliozaliwa baadaye kuna ziwa lilivyopanda baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, kuna Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, kuna vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa mababu wa mbali kabisa kuna sotoka iliyomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. "Kabla ya 1928" ni jibu la heshima kuliko "1/1/1925" ya kubuni, kwa sababu atakayekuja baadaye atajua umelipataje.

Kwa vifo, zipo tarehe ambazo hapa Mwanza huhitaji kumuuliza mtu mara mbili. 21 Mei 1996 imo kwenye miti mingi niliyoiandika, na baadhi ya waliozama na MV Bukoba siku hiyo wamelala makaburi ya Igoma. Andika na mahali pa kaburi.

Mahali nako kuna mtego. Ukianza kuandika Geita, programu itakupendekezea Mkoa wa Geita, na wengi hukubali tu. Mkoa huo umeanzishwa 2012. Bibi aliyezaliwa huko 1950 alizaliwa Jimbo la Ziwa, Tanganyika, na huenda wazazi wake walikuwa wamevuka tu kutoka Usukuma, kwani miaka hiyo watu wengi walihamia Geita kutafuta ardhi. Nyaraka za Wajerumani nazo huandika Muansa. Mimi naandika jina la wakati ule, kisha kwenye maelezo naeleza leo ni wapi. Na kijiji cha sasa kisikudanganye: Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, makaburi yakabaki kwenye mahame. Kama kuna mzee anayeweza kukuonyesha mahame hayo kwa miguu, nenda naye mwezi huu, chukua nukta ya ramani kwa simu, uiweke kwenye wasifu wa marehemu.

Sasa wanawake. Miti mingi inayoletwa kwangu ina wanaume vizazi sita na akina mama vizazi viwili. Mzee atakutajia baba wa baba wa baba bila kupumua, ukimuuliza mama yake huyo babu, anasema "alikuwa mke wake". Njia niliyoiona inafungua ni kuuliza ng'ombe. Salimia kwanza kama inavyopasa, mwangaluka yake uijibu vizuri, kaa, kisha uliza: babu, huyu alipoolewa, ng'ombe wa mahari walikuwa wangapi, walitoka zizi la nani, wakagawiwa akina nani? Wazee wanaosahau majina ya wajukuu wanakumbuka ng'ombe mmoja mmoja mpaka rangi. Na mgawo wa mahari ni nasaba tupu: unamtaja baba wa binti, kaka zake, mjomba aliyepewa sehemu yake, na nyumba aliyotoka binti kama baba alikuwa na wake watatu. Kwa desturi ya Wasukuma, mtoto ambaye ng'ombe hawakutoka alihesabiwa upande wa mama, kwa hiyo swali hilohilo linakueleza kwa nini tawi fulani linabeba jina la babu mzaa mama. Rekodi sauti, kwa ruhusa yake.

Pia usiridhike ukiambiwa "huyo ni ndugu yetu" au "ni baba mdogo". Uliza aliyemzaa ni nani, na wa nyumba ipi. Wake wengi si tatizo kwa zana yoyote niliyoitumia, mradi kila mtoto aunganishwe na mama yake halisi.

Kitufe cha kutafuta rekodi nakitumia kidogo sana. Vidokezo vya programu vinategemea kilichokwisha kuingizwa huko, na daftari zetu nyingi bado ziko kabatini parokiani. Mapadre Weupe (White Fathers) walikuwa Bukumbi tangu 1883, na vitabu vya ubatizo vya misheni za Kikatoliki vya zamani viliandikwa Kilatini, hivyo Yohana wako utamkuta Ioannes. Tazama pembeni mwa ukurasa, huko huandikwa kipaimara na ndoa iliyofungwa miaka mingi baadaye, wakati mwingine parokia nyingine kabisa. Nenda na barua kutoka kwa familia, omba kwa paroko, usiingie na simu unapiga picha kurasa za watu wengine.

Zana ipi basi? FamilySearch ni bure, na ni mti mmoja wa dunia nzima: marehemu anapaswa kuwa na wasifu mmoja tu, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuurekebisha. Hilo ni zuri mpaka siku binamu wa Dar es Salaam atakapobadilisha jina la babu yenu saa sita usiku, kwa hiyo weka chanzo kwenye kila taarifa, hata kama chanzo ni "simulizi ya bibi, Magu, 2023". Inamilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City, na waumini wake hufanya ibada kwa niaba ya mababu zao waliofariki. Ukoo uambiwe hilo mapema, usilisikie msibani. Geni nayo ni mti wa pamoja. MyHeritage inakupa mti wako mwenyewe, ila toleo la bure lina kikomo cha idadi ya watu, na ukoo wa babu mwenye wake wanne unakifikia haraka. Kwa familia yenye kompyuta moja na mtandao wa kusuasua, kama nyingi za Ukerewe, mimi napendekeza Gramps: bure, inakaa kwenye kompyuta, haili bando.

Vipimo vya vinasaba naulizwa sana na vijana. Sivipendekezi kama hatua ya kwanza. Taarifa za watumiaji wapatao milioni 6.9 wa 23andMe zilivuja 2023, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Kushirikisha wengine ni hatua inayohitaji kikao, si kiungo tu kwenye kundi la WhatsApp. Waliofariki waonekane, walio hai wafichwe. FamilySearch humchukulia asiye na taarifa ya kifo kuwa huenda yu hai mpaka ipite miaka 110 tangu kuzaliwa, na wasifu wake hauonekani kwa umma. Siku hizi unaweza kuunda kikundi cha familia mkaonana humo. Kwenye zana nyingine kagua mipangilio mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto na za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti. Na matapeli wa simu wanafurahi sana wakipata jina la mama yako na tarehe yako ya kuzaliwa mahali pamoja. Yupo pia mtoto wa nje ambaye mjane hajamjua. Mtu huyo ni wa ukoo na aandikwe, lakini mtandao usiwe wa kwanza kumtangaza.

Mti huu hautakuwa hati ya mirathi, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Mahakama ya mwanzo itataka muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Mti utawasaidia tu kujua nani aitwe kwenye kikao.

Mwisho, toa nakala. Zana karibu zote hutoa faili la GEDCOM, muundo uliokuwepo tangu 1984, na ndilo litakalokuwezesha kuhamia programu nyingine kampuni ikifunga au bei ikipanda. Kwa kawaida hubeba maandishi na uhusiano, si picha wala sauti, hivyo rekodi za wazee zinakiliwe pembeni. Faili moja likae kwa katibu wa ukoo, jingine kwa ndugu aliye mkoa mwingine, na mchoro wenyewe uchapishwe kwenye karatasi kubwa pale stationery, wanaoutazama wapewe kalamu nyekundu.